KIVULI NACHO NI SHAHIDI

Mimi si mwandishi wala si mtoto wa mwandishi. Nimeshika kalamu kwa sababu nina deni, na dawa ya deni ni kulipa.

Mnakumbuka ule mjadala wa chama chetu wa muhula wa kwanza, Ijumaa jioni, kuhusu faida ya elimu ya nyota? Mimi nilikuwa upande wa kuitetea, na nilishindwa vibaya. Mpinzani wangu wa 3 Mashariki alisimama, akakohoa kidogo, akasema: "Hawa wataalamu wanatuambia eti galaksi za kwanza zilikuwa na gesi hii na ile, zilizunguka hivi na vile, ilhali wenyewe wanakiri kwamba nyingi hawajaziona. Kwani huo si ubashiri wa mpiga ramli? Asiyeona asituambie!" Lo! Ukumbi ulilipuka kwa makofi, wengine wakapiga madawati. Nilipewa dakika moja nijibu. Nilitoa macho tu kama panya aliyemwagiwa maji. Mwalimu mlezi akagonga meza, muda umekwisha, nikaketi.

Nyumbani usiku huo sikulala vizuri. Si kwa sababu nilishindwa, maana asiyekubali kushindwa si mshindani. Kilichonikera ni kwamba jibu lilikuwepo na sikuwa nalo. Tangu siku hiyo nimesoma, nimeuliza, nimemsumbua mwalimu wa Fizikia mpaka akaniambia nimpumzishe. Leo nina jibu. Maoni yangu ni haya: kutokiona kitu si kutokijua. Tena nasema zaidi: katika habari za galaksi za zamani, kivuli mara nyingine ni shahidi mwaminifu kuliko mwanga wenyewe.

Hebu nianze na mambo ya nyumbani. Sisi wanafunzi wa kutwa tunaijua barabara kuu kabla ya jua kuchomoza. Mimi hutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu, na njiani hakuna taa hata moja. Lori likitokea mbali unaona taa zake tu, kama macho ya paka. Watu walio kati yako na lori huwaoni kabisa, ni giza ndani ya giza. Lakini mtu akivuka barabara, taa moja hukatika kidogo halafu inawaka tena. Papo hapo unajua pale pana mtu. Akikokota baiskeli, taa hukatika kwa muda mrefu zaidi. Wakiwa watu watano wanafuatana, utahesabu mara tano. Uso wa mtu hujauona, jina lake hulijui, lakini ukiulizwa kama kuna mtu barabarani, utaapa. Je, hapo umebashiri? La, umeshuhudia.

Basi badala ya lori, weka kwasa. Kwasa ni kiini cha galaksi ya mbali ambamo shimo jeusi kubwa mno, lenye uzito wa mamilioni au hata mabilioni ya majua, linavuta gesi. Gesi hiyo kabla haijamezwa huzunguka kwa kasi, hupata joto kali, na hung'aa kuliko nyota zote za galaksi ile zikiwekwa pamoja. Ndiyo maana kwasa huonekana kutoka mbali ajabu, ingawa kwa darubini ya kawaida ni nukta tu kama nyota.

Na hapa pana jambo tamu ambalo ningelijua siku ile ya mjadala ningeshangiliwa mimi. Kwasa ya kwanza kueleweka, iitwayo 3C 273, ilikamatwa kwa kufichwa! Ilijulikana kwanza kama chanzo cha mawimbi ya redio, lakini hakuna aliyekuwa na hakika ni nukta ipi hasa angani. Mwaka wa 1962 Cyril Hazard na wenzake, wakitumia darubini ya redio ya Parkes kule Australia, waliungoja Mwezi upite mbele yake. Wakapima wakati mawimbi yalipokatika na wakati yaliporudi. Kwa kuwa ukingo wa Mwezi unajulikana uko wapi kila sekunde, wakajua chanzo kiko wapi. Mwaka uliofuata, 1963, Maarten Schmidt aliichunguza nukta hiyo kwa darubini ya Palomar, California, yenye kioo cha upana wa mita 5. Akagundua kwamba mistari ya haidrojeni katika mwanga wake imesogea kuelekea upande mwekundu kwa karibu asilimia 16. Maana yake ni kwamba ile "nyota" haikuwa nyota ya jirani, bali ilikuwa umbali wa zaidi ya miaka bilioni 2 ya nuru.

Wala msidhani haya ni ya wageni watupu. Tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza miali ya eksrei kutoka angani, na 3C 273 ni mojawapo ya vitu vilivyoingia katika orodha yake. Kwa hivyo pwani yetu ina mkono wake katika hadithi hii.

Sasa turudi kwenye kivuli. Mtu akivuka mbele ya lori huzuia mwanga wote. Wingu la gesi angani halifanyi hivyo. Lenyewe huchagua. Nieleze.

Ukichemsha viazi kwenye jiko la gesi, maji yenye chumvi yakafurika na kumwagikia moto, mwali wa buluu hugeuka manjano. Hiyo ni sodiamu iliyo katika chumvi. Kila elementi ina rangi zake, kama vile kila mtu ana alama za vidole vyake. Na gesi iyo hiyo ikikaa baridi mbele ya mwanga mkali, huzifyonza rangi zake zile zile na kuacha mistari myeusi mahali pake. Joseph von Fraunhofer alianza kuiandika mamia ya mistari kama hiyo katika mwanga wa Jua mwaka wa 1814, bila kujua inatoka wapi. Jibu lilikuja mwaka wa 1859, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walipoonyesha kwamba mistari ni alama za elementi. Hakuna aliyewahi kuonja Jua, lakini tangu siku hizo tunajua Jua lina sodiamu. Mpinzani wangu, huo nao ni ramli?

Haidrojeni, ambayo ndiyo gesi nyingi kuliko zote ulimwenguni, hupenda sana kufyonza mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 121.6. Huo ni mwanga wa urujuanimno, ambao jicho halioni na ambao anga yetu hauuruhusu kupita. Kama mambo yangeishia hapo, tungekwama. Lakini ulimwengu unatanuka, na mwanga unaosafiri ndani yake hunyooshwa pamoja nao. Hapa ndipo penye utamu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la sita.

Chukua wingu la haidrojeni ambalo, tangu mwanga wa kwasa ulipolipita hadi leo, ulimwengu umetanuka mara 4. Lilifyonza wimbi la 121.6. Pengo lile likanyooshwa mara 4 njiani, likatufikia likiwa 486.4, ambayo ni rangi ya buluu inayoelekea kijani. Chukua wingu jingine lililo karibu zaidi, ambapo ulimwengu umetanuka mara 3 tu. Pengo lake litafika likiwa 364.8. Mnaona? Mawingu yote ni ya haidrojeni, yote yalifyonza wimbi moja, lakini kila wingu limetia sahihi mahali pake kulingana na umbali na wakati wake. Mwanga mmoja kutoka kwasa moja unatuletea daftari zima la mahudhurio: nani alikuwepo, wapi, na lini.

Mwaka wa 1965, kwasa iitwayo 3C 9 ilipopatikana mbali kiasi kwamba wimbi hilo lingeweza kuonekana kutoka ardhini, James Gunn na Bruce Peterson walifikiri jambo zito. Walisema: kama haidrojeni ya kawaida ingejaa kote kati ya galaksi, mwanga wote wa upande ule wa buluu ungemezwa, usibaki. Lakini ulibaki! Kwa hivyo haidrojeni karibu yote iliyo katikati ilikuwa imeshavunjwa atomi zake, elektroni zimetengana na viini. Yaani walijua hali ya gesi isiyoonekana kwa kutazama giza ambalo halikutokea. Miaka sita baadaye, 1971, Roger Lynds alionyesha kwasa ambayo mwanga wake ulikuwa na mistari myembamba mingi, iliyobanana kama miti. Leo wataalamu huita msitu, na katika kwasa ya mbali unaweza kuhesabu mistari kwa mamia.

Katikati ya msitu huo mna miti minene. Mwaka wa 1986 Arthur Wolfe na wenzake walitoa matokeo ya kuitafuta makusudi mistari ile mipana sana, ambayo hutokea mwanga unapopita mahali penye haidrojeni nzito. Ili uhesabiwe kuwa mti mnene, lazima katika kila sentimeta mraba ya njia ile kuwe na atomi za haidrojeni zisizopungua 2 ikifuatwa na sufuri 20. Jamani! Lakini zimetawanyika katika umbali mrefu mno, ndiyo maana bado ni gesi nyembamba kuliko hewa tunayovuta. Ndani ya mawingu haya ndimo mlimokuwa na sehemu kubwa ya haidrojeni baridi ya zama zile. Na haidrojeni baridi ndiyo unga wa kupikia nyota. Anayetaka kujua galaksi zilivyoanza lazima aulize unga ulikuwa wapi na ulikuwa kiasi gani.

Tena kivuli hakisemi haidrojeni pekee. Pembeni pana mistari ya kaboni, silikoni, chuma na zinki. Elementi hizi hazikuwepo ulimwengu ulipoanza. Hupikwa ndani ya nyota na nyota zinapokufa. Ni kama majivu mekoni: ukiyakuta, unajua kuna aliyepika kabla yako. Mengi ya mawingu hayo ya kale yana majivu chini ya sehemu moja kwa kumi ya yaliyomo katika Jua letu. Kwa hivyo tunaona galaksi zikiwa bado changa, meko yamewashwa lakini chakula ni kidogo.

Sasa nifike kwenye ile kauli yangu nzito, kwamba kivuli ni mwaminifu kuliko mwanga. Msinirukie bado. Ukitafuta galaksi za mbali kwa mwanga wao, utapata zipi kwanza? Zile zinazong'aa kupita kiasi. Zile ndogo, zile za wastani, zile zenye gesi nyingi lakini nyota chache, zitakupita bila wewe kujua. Halafu utaandika kitabu useme galaksi za zamani zote zilikuwa majitu yenye kung'aa. Huo utakuwa uongo uliotengenezwa kwa ukweli. Lakini kivuli hakijali galaksi inang'aa kiasi gani. Kinachotakiwa ni gesi yake iwe njiani tu. Tajiri na maskini wote huzuia taa ya lori sawasawa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga hawakukosea.

Najua mpinzani wangu atainuka aseme, "Sawa, gesi ipo. Lakini galaksi yenyewe je?" Swali zuri, na wataalamu wenyewe waliligombania miaka mingi. Arthur Wolfe aliamini mawingu yale mazito ni ya galaksi kubwa zilizotulia, zenye umbo la sahani na zinazozunguka. Mwaka wa 1997 yeye na Jason Prochaska walitoa hesabu za kuunga mkono jambo hilo. Mwaka wa 1998 wengine wakajibu kwa hesabu zao kwamba vipande vidogo vya gesi vinavyogongana na kuungana vingetoa mistari ya namna ile ile. Kila upande ulikuwa na hoja. Kuiona galaksi moja kwa moja kulikuwa kugumu, maana iko karibu sana na kwasa angani, na kutafuta galaksi hafifu kando ya kwasa ni kama kutafuta kimulimuli kando ya taa ya lori.

Angalieni tofauti na mpiga ramli. Mpiga ramli hasemi ni jambo gani likitokea litamwumbua. Hawa walisema wazi: kama ni sahani, tutaona mzunguko, kama ni vipande, tutaona vurugu. Kisha wakangoja chombo. Wolfe mwenyewe alifariki mwaka wa 2014 kabla ya kesi kusikilizwa.

Chombo kilikuwa ALMA, mkusanyiko wa antena 66 katika jangwa la Atacama, nchini Chile, karibu mita 5,000 juu ya usawa wa bahari. ALMA husikiliza mawimbi marefu zaidi, ambamo mng'aro wa kwasa hausumbui kama katika mwanga wa kawaida. Mwaka wa 2017 Marcel Neeleman na wenzake walielekeza antena hizo mahali ambapo vivuli viwili vizito vilikuwa vimeonekana. Walitafuta wimbi la kaboni lenye mikromita 158, ambalo baada ya kunyooshwa lilifika likiwa zaidi ya 750. Wakazikuta galaksi mbili, kila moja kando ya kivuli chake! Gesi iliyotupa kivuli ilikuwa mbali na galaksi zenyewe, moja miaka ya nuru 137,000 na nyingine 59,000. Yaani kivuli hakikuwa cha nyumba, kilikuwa cha ua unaoizunguka. Lakini kiliwafikisha mlangoni.

Mwaka wa 2020 waliitazama kwa makini zaidi ile galaksi ya kwanza. Jina lake la daftarini ni DLA0817g. Mwanga wake uliondoka ulimwengu ukiwa na umri wa miaka bilioni 1.5 tu, na leo una bilioni 13.8. Je, waliona nini? Sahani! Sahani kubwa, baridi, inayozunguka kwa utaratibu kwa kasi ya kilomita 272 kwa sekunde, yenye uzito wa takriban majua bilioni 70. Wengi walidhani galaksi za wakati ule zilikuwa bado katika fujo ya kugongana, zisingeweza kutulia mapema hivyo. Wakaipa jina la heshima, Sahani ya Wolfe. Mzee alikuwa amekwenda, lakini kivuli alichokitetea kilifungua mlango.

Sisemi kesi imekwisha. Galaksi moja haiwezi kusemea galaksi zote, na huenda nyingine kweli ni vipande vinavyogongana. Ninachosema ni kwamba kivuli kilitoa ushahidi, ushahidi ukapimwa, na ukasimama.

Atatokea mwingine aseme, "Siku hizi kuna darubini ya James Webb. Si inaona galaksi za kwanza moja kwa moja? Vivuli vya nini tena?" Ni kweli, Webb ilirushwa tarehe 25 Desemba 2021 na imeona galaksi za wakati ulimwengu ulipokuwa na miaka milioni 300 hivi. Nami nashangilia kama nyinyi. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Webb huona nyota na gesi iliyowaka. Ule unga baridi ambao haujapikwa hauwaki, na kuupata lazima taa iwe nyuma yake. Ndiyo maana Webb yenyewe hutumiwa pia kuzichambua kwasa za mbali. Na hapa Afrika, katika Karoo ya Afrika Kusini, darubini ya MeerKAT yenye antena 64 ina mradi mzima wa kutafuta gesi kwa kivuli chake katika mawimbi ya redio. Ikiwa njia hii ingekuwa imepitwa na wakati, nani angehangaika nayo?

Wenzangu, mbona nimewachosha na mambo ya miaka bilioni 12 iliyopita? Kwa sababu yananihusu mimi, na huenda yanakuhusu wewe.

Mwisho wa kidato cha pili tulichagua masomo. Mwenzangu tuliyeketi naye dawati moja alikuwa amepata alama 31 katika Fizikia. Akaambiwa, "Fizikia ni ya wale wanaong'aa." Sitasema ni nani aliyesema. Mwenzangu akaliacha somo. Mimi nilikuwa na 43, nikaambiwa hayo hayo, nikang'ang'ana kwa ukaidi tu. Sasa sikilizeni. Siku moja, tulipokuwa tukifundishwa habari za mwanga, mwenzangu huyo aliniuliza kwa kunong'ona: "Rangi ikifyonzwa na gesi, hiyo nguvu yake inaenda wapi? Si haiwezi kupotea?" Nikamwambia ainue mkono. Akakataa, akaogopa kuchekwa. Kengele ikalia na swali likafia pale dawatini.

Nimelipata jibu mwaka huu, na naliandika hapa alisome. Nguvu haipotei. Atomi ya haidrojeni huumeza mwanga ule, elektroni yake ikapanda ngazi, halafu kwa muda mfupi mno hushuka na kuutema tena. Lakini huutema kuelekea upande wowote, juu, chini, nyuma, pembeni. Ni sehemu ndogo mno inayoendelea kuja kwetu, na ndiyo maana kwetu sisi panaonekana giza. Hilo swali lake, rafiki zangu, ni swali la mwanafizikia. Mtu aliyeuliza hivyo hakustahili kuambiwa hang'ai.

Tunatafuta watu kwa mwanga. Tunahesabu mikono iliyoinuliwa, tunasoma majina kumi ya kwanza ubaoni, tunasema hawa ndio wenye akili. Wale wengine tunadhani hawapo. Sidharau waliong'aa, chanda chema huvikwa pete. Wala sisemi alama hazina maana. 31 ni 31, na bidii inahitajika. Nasema alama ni mwanga wa aina moja, na mwanga wa aina moja hauonyeshi kila kilichopo.

Basi nina maombi mawili, na naomba nisamehewe kama nimevuka mpaka. La kwanza, kwa walimu wetu: kabla mtu hajashauriwa kuacha Fizikia, na aandike kwanza maswali matatu ambayo hayajajibiwa kichwani mwake. Mkiyasoma ndipo mmshauri. La pili, kwa chama chetu: tukutane na chama cha sayansi jioni moja muhula ujao. Kila mmoja alete boksi la viatu na sidii kuukuu. Ukitoboa ufa mwembamba upande mmoja na kuiweka sidii upande wa pili, utaona mwanga wa taa ya kuokoa stima ukigawanyika vipande vipande vya rangi, na kati yake giza. Nimejaribu nyumbani, nyanya yangu alichungulia akasema, "Kumbe taa ina mbavu!" Hatutaona kwasa, lakini tutaona jinsi giza linavyosomwa, na tutalieleza kwa Kiswahili, lugha ambayo baadhi yetu hudhani haifiki huko. Mimi nimefika huko kwayo leo, na sijaishiwa na maneno.

Mpinzani wangu wa 3 Mashariki, deni nimelipa. Ukitaka mjadala wa marudiano, niko tayari, chagua Ijumaa. Na wewe mwenzangu wa dawati, kesho asubuhi ukiwa barabarani na taa ya lori ikikatika kidogo mbele yako, ujue kuna mtu anavuka. Huenda ni mimi. Ningoje tuandamane, nina kitabu cha Fizikia nataka kukuazima.